Mtoto wa Rebero Aliyezikwa Bila Jina

Wewe bwana uliyenisimamisha nje ya kanisa Jumapili, ukasema kila mtu asikie kwamba dini yetu ni ya ukatili na mimi kikongwe natetea nisichokijua: shusha kidole, kaa chini, soma. Nisichokijua! Nilipiga magoti kabla mama yako hajaota meno. Hii hapa barua niliyoandikiwa na binti mmoja. Ana neno lako lile lile, ila yeye analisema kwa machozi na wewe ulilisema kwa kujionyesha. Jibu ni moja, mtagawana.

*

Mpendwa Bibi Mukagasana,

Naomba unisaidie maana kichwa changu hakikai tena mahali pake, mimi naitwa Gaudiose, nakaa Rebero, mume wangu Silvère anapakia mizigo ya ndege kule Kanombe, na mtoto wetu wa kwanza alizaliwa masika haya yalipoanza, mvulana, mzima, ana nywele nyingi kama kofia, na unajua kwetu mtoto hapewi jina mpaka watoto wa jirani waje walime kidogo uani, wamwagiwe maji kama mvua, wakimbilie ndani kula na kutaja majina, kisha babu achague, sasa babu alikuwa Butare na barabara ina bariyeri, vizuizi vya askari, kila kilima, akachelewa, basi ubatizo ukangoja jina, na jina likangoja babu, na babu akangoja barabara, na mtoto, Bibi, mtoto hakungoja. Homa ilimchukua asubuhi akiwa kifuani kwangu.

Silvère akaenda kwa katekista wetu, Révérien, aje asali. Révérien akamuuliza akiwa bado mlangoni, "Anaitwa nani?" Silvère akasema bado. "Kabatizwa?" Bado. Akasema basi huyo hayumo, mzikeni kwenye migomba, wala msiweke msalaba. Tukamzika kwenye migomba kama watu wanaoficha kitu.

Tangu hapo namwona. Nikikaa uani kuchambua maharage jua linanilegeza, macho yanafumba, ukungu unapanda kutoka bondeni, mweupe, unaingia mpaka kwangu, na ndani yake kuna kanisa lisilo na ukuta, mlango tu, na watoto wanaingia wakiitwa kwa majina, miguu yao haigusi majani, na wangu amesimama kando na nywele zake zile, ananitazama, nami nataka kumwita lakini nimwite nani, kinywa kimejaa maji, halafu maharage yanamwagika, naamka.

Shemeji yangu Valens, mdogo wake Silvère, yeye amesoma, alikuja kutupa pole akacheka kwa uchungu, akasema, "Shemeji, kumbe hata mbinguni kuna bariyeri? Wanadai vitambulisho mpaka kwa vichanga? Mungu wenu ni katili kuliko askari, askari akiona mtoto mgongoni mara nyingine hupitisha." Silvère akautoa msalaba ukutani, akausukuma chini ya kitanda, na sasa anasema nichague, ama niache kanisa, ama niende kwa hao waliomfungia mtoto wetu mlango na nisirudi kwake. Nampenda Silvère. Na Yezu nampenda, lakini nikipiga magoti naona ule mlango. Je, Valens kasema kweli?

Gaudiose

*

Gaudiose,

Pole, mwanangu. Pole tena. Sasa futa pua unisikilize, maana kosa unalo, ila si lile unalodhani.

Kosa lako ni kumwachia Révérien funguo za mbinguni. Nani alimpa? Kazi yake ni kufundisha watoto sala. Aliletewa jambo asilolijua, akaona aibu kusema sijui, na mtu wa namna hiyo ndiye wa kuogopwa. Lakini usimbebeshe Yezu mzigo wa Révérien. Jirani akikutukana huku amevaa shati la mumeo, utamwacha mumeo?

Huyo shemeji yako ana mdomo. Neno lake la bariyeri limenikwama kooni, sikatai. Na wako watu wa kanisa, wadogo na wakubwa, waliofanya mabaya, nimewaona kwa macho haya na sitawafunika kwa kitenge changu. Lakini mwulize Valens: nani alikufundisha kwamba kichanga kisicho na jina ni mtu, mpaka kikifungiwa mlango ukasirike hivi?

Mimi niliolewa nyumba isiyobatizwa. Mtoto akifa kabla ya jina, mama mkwe alimfunga kwa majani ya mgomba, akampeleka nyuma ya nyumba, akarudi jikoni. Kulia marufuku. Walisema huyo hakuwa amefika, alikuwa anapita tu. Sisemi walikuwa na roho mbaya. Walikuwa wamezika wengi mno. Siku moja akapita mtawa mmoja mzee, mweusi kama mimi, nyayo zimepasuka, akamkuta mama mkwe anatoka huko nyuma na mikono ya udongo. Akauliza, akaambiwa. Akaketi chini kwenye majani, akalia kwa sauti, mwanamke mgeni!

Mama mkwe akasema, "Nyamaza, unatuletea balaa."

Yule mtawa akasema, "Huyu ni wa Mungu, na mimi ni wa Mungu. Ni ndugu yangu, nitamlilia."

Kisha mama mkwe akaanguka kando yake, akawalilia wote aliowazika, mmoja baada ya mwingine, mpaka ng'ombe zizini wakanyamaza. Hiyo ndiyo dini niliyoingia mimi. Ya Révérien siijui.

Na ndoto yako umeisoma vibaya. Umeniandikia mwenyewe kwamba kanisa halina ukuta. Sasa mlango usio na ukuta unamzuia nani? Mimi nikipepeta mtama nikafumba macho, namwona hivi: ukungu umelala kilimani kama maziwa, katikati mtu ameketi kwenye majani, amechoka, miguu ina vumbi, watoto wanampanda mgongoni. Mtu huyo wanafunzi wake walipowafukuza watoto, aliwakasirikia wao. Wako amelala gotini pake, udenda unamlowesha kanzu, na zile nywele anazipapasa polepole. Hakumuuliza kitu. Na usije ukasema Bibi anazua, nilimuuliza padri kabla ya kukujibu. Akasema Kanisa linamkabidhi mtoto kama huyo kwa huruma ya Mungu, na mama yake ana haki ya kutumaini. Huhitaji ruhusa ya katekista.

Silvère usimpigie kelele. Hakumkataa Mungu, alimkataa Révérien, hata mimi ningemkataa. Msalaba uache huko chini ya kitanda kwa sasa, Yezu alishalala pabaya zaidi. Wala usichague. Mwambie mumeo hivi: mtoto tulimzika wawili, kuinuka tutainuka wawili.

Jumamosi waite watoto wa jirani. Wape vijembe, walime pembeni ya migomba, wasikanyage kaburi. Valens ndiye amwage maji ya mvua, mwenye mdomo kama ule awe na mikono pia. Wape maharage na maziwa, washibe, wataje majina, hata ya kuchekesha, na ukicheka usijilaumu. Babu kama barabara imemshinda tena, achague Silvère. Kisha chomekeni msalaba wa mti, mumeo akikataa uchomeke mwenyewe.

Jumapili, kabla ya misa, nenda kwa Révérien. Usigombane naye, usimwombe kitu. Mtajie jina la mtoto wako, na usitoke mlangoni pake mpaka naye amelitamka.