Mtawa wa Sura ya Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Mchapishaji ameniletea riwaya nyingine ya kutafsiri. Ya kijasusi, tena yenye siri za kanisa ndani yake. Shujaa ni profesa. Anajua lugha tisa, anakimbia juu ya mapaa kwa viatu vya ngozi, na tangu ukurasa wa kwanza hajaenda chooni. Kufika sura ya pili ameshatua nchi tatu. Viza anapata wapi mwenzangu? Mimi mwaka jana nilipanga foleni mpaka nikanyimwa, na wala sikuwa nimebeba mfupa wa mtume kwenye begi.

Kila sura inaishia simu inalia. Kila moja! Mchapishaji anasema ndivyo watu wanavyopenda. Nipunguze sala, damu niiache ilivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Ninachotafsiri mchana namsomea Mama jioni. Ndiyo kawaida yangu. Sentensi nikiisikia mdomoni ndipo najua inachechemea wapi. Na Mama, tangu mtoto wa jicho amzibe macho yote mawili, hana kitabu kingine ila mimi. Huyu profesa amemnasa kabisa. Jasusi mwenye kovu alipojificha kwenye chumba cha maungamo, Mama aliacha chai ikapoa. Kisha akasema yule si jasusi, ni bwege – jasusi gani anamweleza adui mpango mzima kabla ya kufyatua risasi? Kurasa nne anaeleza tu.

Jumapili, 9 Machi
Balaa. Sura ya tisa.

Mtawa mpole wa hospitali, yule aliyekuwa akimpangusa profesa jasho, kumbe ni wa kundi la siri. Anamchoma mgonjwa wa kitanda cha jirani sindano chini ya jicho, mgonjwa anakata roho huku anashukuru. Nikasoma kwa madaha yote, sauti na mikono. Nilipomaliza, Mama akauliza: yule Sista atakayenipasua Ijumaa, ametokea wapi?

Mjinga mimi. Hospitali ya macho ni ya masista, daktari mwenyewe ni sista, na alishamweleza Mama kwamba atamchoma ganzi palepale, chini ya jicho. Na mimi nimekaa kitini nafanya maigizo. Jicho la kulia la Mama linaona mwanga tu, la kushoto linafuata. Nafasi hii tumeisubiri tangu mwaka juzi.

Jumatatu, 10 Machi
Mama haendi. Amesema kwa upole kabisa, na hapo ndipo pabaya – akigomba huwa anabadili nia baadaye. Eti Sista ana mikono laini mno kwa mtu wa kazi, na siku ile alimuuliza kama anaishi peke yake. Nikamwambia, Mama, kila daktari anauliza hivyo.

"Na yule wa kitabuni aliuliza."

Aliuliza kweli. Nimemtafsiri mwenyewe.

Mwandishi sijui yuko wapi, labda amenyoosha miguu bustanini mwake. Hana habari kwamba upuuzi wake unakaribia kumpofusha mama wa mtu. Nimelia kidogo jikoni. Naogopa.

Jumanne, 11 Machi
Nimemsomea sura ya kumi ya kutunga. Macho kwenye karatasi, maneno kutoka kichwani. Mtawa hana hatia. Sindano ilibadilishwa na mwanasheria wa profesa. Mtawa analia, anawasamehe wote, anafungua zahanati. Hata mimi niliona aibu.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, huyu mwanasheria aliingia lini? Nikasema alikuwepo tangu mwanzo, umesahau tu.

"Haya," akasema.

Baadaye akaniambia nimpigie pasi gauni la bluu, la Ijumaa. Profesa na lugha zake tisa asingeweza hili!

Jumamosi, 15 Machi
Bandeji imetolewa. Mama aliangalia dirisha, kitanda, Sista, kisha mimi. Akasema nimekonda. Nikamwaga machozi mbele za watu. Sista akamwazima miwani ya kusomea mpaka apate yake. Jicho la pili, baada ya wiki mbili.

Jumatano, 19 Machi
Mama hataki tena kusomewa. Anasema nipumzishe koo. Nimekaa na karatasi zangu, nasoma kimoyomoyo, na naionea wivu chupa ya dawa, maana hiyo maandishi yake anayasoma kwa sauti. Tafsiri ya kweli nimeitia kwenye bahasha na kuificha kabatini, chini ya nguo za baridi. Profesa angeificha chini ya altare na simu ingelia.

Ijumaa, 28 Machi
Naandika kwenye benchi la hospitali. Mama yuko pembeni yangu. Nilipofungua mkoba nitoe kadi yake, naye akafungua wake, akatoa bahasha. Yangu. Ile ya kabatini. Akavaa miwani ya Sista, akaendelea kusoma pale alipokunja karatasi. Sura ya tisa ameshaipita zamani.

Nikaanza kujieleza. Bila kuinua kichwa akasema nikidanganya huwa nasoma polepole, na kwamba alijua jioni ileile hakuna mwanasheria. Nikamuuliza, basi kwa nini ulikubali kupasuliwa?

"Ulikuwa unanificha mwisho. Ningeujuaje bila macho?"

Wiki mbili nzima nimejipongeza kwa ujasusi wangu. Kisha akaniwekea kidole kwenye mstari: hapa risasi imeingia bega la kushoto, ukurasa wa mbele anashika la kulia. Kosa la mwenye kitabu au lako? Nimeangalia. Langu.

Nimemuuliza, na leo je, unaingia? Amefunua ukurasa mwingine. Amebakiza kurasa chache.

Sista ametoka na trei. Sindano iko juu, kwenye kitambaa cheupe. Mama ameinua kidole – asubiri. Na Sista, badala ya kukasirika, ameketi upande wake wa pili na kuinamia karatasi. Anauliza huyu mtawa ni mtu mwema au mbaya. Mama amekunja ukurasa, amevua miwani, na kwa lile jicho lake jipya ananitazama mimi nijibu.