Kompyuta ya mume wangu imewaka

Mwenzangu, uko wapi? Niko jikoni kwa mama mkwe, najifanya naosha vikombe.

Ile kompyuta kuukuu ya mume wangu iliyobaki huku kwao, si nilikwambia nitaiongezea memori nimfurahishe akirudi safari? Nimechomeka, nikawasha. Milio mitatu, skrini nyeusi tii. Nikazima, nikawasha tena. Milio mitatu!

Mama mkwe kanisimamia kichwani: "Angalia usifute vitu vya mwanangu." Wifi naye: "Ilikuwa nzima mpaka ulipoigusa."

Nikachomoa memori zote, nikazisugua kwa kifutio cha penseli kama ulivyonifundisha, nikazirudisha moja moja. Ikawaka!

Nikageuka nipongezwe. Hata hawaniangalii. Macho yote kwenye skrini.

Mke wa kwanza wa mume wangu! Na shela lake, kajaa skrini nzima! Mtu aliyeniapia kwamba hana hata picha yake moja.

Mama mkwe kashika kifua, machozi yanamlenga. "Asante, mwanangu. Nilidhani umemfuta."

Mwanangu! Tangu niolewe hajawahi kuniita hivyo.