Vitasa vya Milango ya Nyuma

Papa mpendwa,

Jumapili niliendesha gari lako. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kuuliza kama tumekula. Nililitoa nyumbani Macquarie Fields nikalifikisha kwenye maonyesho ya magari ya zamani ya Parramatta. Mama alipanda treni. Kama miaka yote, alikataa kuingia.

Nilianza kwa aibu. Niliingia kwa mlango wa kulia, nikafunga mkanda, nikanyoosha mkono na ufunguo, na mbele yangu hakukuwa na usukani. Nikakumbuka siku gari lilipofika kutoka bandari ya Port Botany, nawe ukaingia upande huohuo, mbele ya majirani.

"Volani wameiba?" uliuliza.

"Uliza ule mwenye alinunua," mama akajibu kutoka dirishani, na alicheka hadi akakaa chini.

Gari la polisi wa Kimarekani, la usukani wa kushoto, jeusi lenye milango myeupe, refu kuliko banda letu. Kanisani walikutania kwa miezi. "Kule kwetu uliwakimbia polisi, huku umemufuga mumoja?" Uliwaacha wacheke, kisha ukajibu taratibu: "Nataka nilale, motokari ya polisi iko mu parsele yangu, pa nyumba, na funguo iko mu mufuko yangu."

Kwenye mikutano ya ghala ulikofanya kazi, kule Wetherill Park, ulikuwa hufungui kinywa. Lakini kati ya wale wazee wa chama cha magari ya zamani ulikuwa mwalimu. Uliwaeleza kwa nini milango ilipakwa rangi nyeupe, ili raia alione gari kutoka mbali. Uliwaonyesha kurunzi ya pembeni, inayogeuzwa kwa mkono bila dereva kutoka nje, na springi nzito zilizowekwa kwa ajili ya kupanda kingo za barabara. Hadithi uliyoipenda zaidi ni ya gari la polisi la kwanza kabisa, la umeme, katika mji wa Akron, lililotumwa kwanza kwenda kumchukua mlevi. "Tajiri wa ule muji anavutwa na farasi," ulisema, "mulevi anabebwa na umeme." Na ile ya redio za mwanzo, ambazo polisi waliweza kusikia tu, hawakuweza kujibu. Wiki hizi naifikiria sana hiyo.

Kisha vile vitasa. Magari hayo hayana vitasa vya ndani kwenye milango ya nyuma, kwa kuwa aliyewekwa humo hakutakiwa kutoka mwenyewe. Wewe uliviweka. Kila mwaka waamuzi wa maonyesho walikukata pointi tatu kwa sababu havikuwa vya asili, na kila mwaka ukarudi nyumbani na nafasi ya pili. Mimi ndiye niliyejaza fomu yako. Panapouliza sababu ya kubadilisha kitu cha asili, niliandika "usalama". Ukaniuliza nimeandika nini, nikakwambia, ukaitikia kwa kichwa: "Si uwongo."

Nilikuwa nakusihi uvitoe. Unanijua, mimi ni mtu wa kufuata kanuni. Ofisini nasoma namba ya kontena mara nne kabla ya kuituma, na nikishaituma naisoma tena. Siku moja, ukiwa umelala chini ya gari na mimi nimekushikia taa, ndipo uliponieleza. Kabla sijazaliwa, kule kwetu, polisi walimfungia mama kwenye kiti cha nyuma cha gari lao kuanzia asubuhi hadi jioni, milango haifunguki kwa ndani, nawe ukizunguka nje ukiwaomba. "Motokari yangu, mutu akitaka kutoka, anatoka," ulisema. "Lakini usimwambie mama yako. Siku ataingia, ataona mwenyewe."

Hakuingia ukiwa hai. Nadhani hilo ndilo lililokuuma, si kombe la mshindi.

Wiki mbili kabla ya maonyesho, mzee Keith, mwenyekiti wa chama, alinipigia simu. Alisema anayo mabamba ya milango ya asili, yasiyo na vitasa, kazi ni ya nusu saa, na mwaka huu kombe lingeandikwa jina lako. Alisema kwa upendo, Papa. Nikamwambia nitafikiri. Nilitaka sana jina lako liwe kwenye kombe. Nilitaka pia asinikasirikie, maana naogopa watu kunikasirikia.

Siku ya tatu nilimkuta mama jikoni akichambua majani ya sombe. Nikakaa, nikavunja ahadi niliyokupa, nikamweleza vitasa ni vya nini. Hakuinua uso. Aliendelea na majani yale hadi yakaisha.

"Aliweka lini?"

"Mwaka wa kwanza, mama. Kabla ya kupaka hata rangi."

"Na hakusema."

"Alikuwa anakungoja."

Aliosha mikono. "Ule Keith, mwambie asilete kitu."

Nikampigia. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi nisije nikababaika, lakini niliposema "hapana" karatasi ilikuwa mezani, sikuiangalia.

Maonyeshoni nilifanya kama ulivyonifundisha. Sheria haituruhusu kwenda barabarani taa za polisi zikiwa wazi, kwa hiyo nilivua kifuniko cha taa za paa nilipokwisha kuegesha tu, kisha nikabandua karatasi za sumaku zinazoficha maandishi ya polisi milangoni, nikazikunja vile unavyotaka, pembe kwa pembe. Nilipofika kwenye swali la sababu katika fomu sikuandika "usalama". Niliandika: "Ili mke wake aweze kutoka."

Mwamuzi, mwanamke mmoja mwenye miwani, alisoma, akasoma tena. Akaniuliza mke huyo yuko wapi. Nikamwonyesha mama, amesimama na chupa yake ya chai, amevaa kitenge cha Pasaka. Mwamuzi alimwinamia kichwa. Kisha akakata pointi tatu, kama kila mwaka. Tumekuwa wa pili, Papa, na sijawahi kujivunia kitu hivi.

Watu walipoanza kuondoka, mama alifungua mlango wa nyuma bila kuniambia. Akakaa. Akafunga. Kupitia kioo niliona ameinamisha kichwa, na sikuthubutu kusogea. Kitasa kikalia. Mlango ukafunguka, akatoa mguu mmoja nje, akaurudisha, akafunga tena. Alifanya hivyo mara tatu.

"Inafunguka," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Basi, tupeleke nyumbani. Na leo ingia upande wenye volani."

Nikafunika taa, nikabandika karatasi, tukaondoka. Kwenye kioo nilimwona ameshika kitasa, vidole vimekaza. Alikishika hivyo Parramatta yote, na barabara kuu, hadi tulipokipita kitongoji cha Liverpool. Hapo mkono ukarudi mapajani, na akaanza kulalamika kwamba naendesha polepole, kwamba wewe ungekuwa umeshafika.

Funguo ziko mfukoni mwangu. Lala.

Binti yako, karani wako