Fyuzi ya Mashine ya Bonga

Jumatatu, 14 Julai
Fyuzi imekatika tena kwenye mashine ya kusaga kule kijijini Bonga. Nimeweka nyingine, nayo imekatika. Msimu wa mavuno huu, kina mama wamepanga ndoo hadi nje, na mwenye mashine ni baba mkwe wangu.

Nimekagua. Kumbe amefunga mota kubwa zaidi, ya mtumba kutoka Arusha. Waya ni ule ule mwembamba wa zamani. Mein swichi ile ile ndogo.

"Mama Glori, weka fyuzi kubwa, watu wanasubiri," baba mkwe ameniambia.

Nimekataa. Kwa adabu, lakini nimekataa. Fyuzi inatakiwa ikatike kabla waya haujachemka. Ukiweka kubwa kuliko waya, waya ndio utaungua badala yake, na nyumba nzima nayo. Lazima tubadilishe vyote: waya, swichi, ndipo fyuzi.

Amegeuka akaondoka. Miaka yote sijawahi kumpinga.

Jumanne, 15 Julai
Amemwita fundi mwingine. Mashine inasaga. Mume wangu Elia anasema nimwache baba yake, mali ni yake. Imeniuma. Wanaoingia mle ndani si mali yake.

Jumatano, 16 Julai
Asubuhi nimeshindwa kukaa nyumbani Nakwa. Nimepanda bodaboda hadi Bonga. Mlangoni tu, harufu ya plastiki inayoungua. Nimegusa boksi la swichi kwa mgongo wa mkono: moto. Mama mmoja alikuwa ameliegemea, mtoto mgongoni.

Nimezima. Mashine ikanyamaza, watu wote wakanitazama.

Baba mkwe alitoka na unga hadi kwenye nyusi. "Unanifungia kazi mbele ya wateja?"

"Shikamoo baba. Ndiyo, nafunga."

Nimekata umeme kwenye mita, nikapima kuhakikisha umekatika, nikafungua boksi aone mwenyewe. Hakuna fyuzi. Yule fundi alikuwa amekaza nyuzi za shaba mahali pake. Ganda la waya limeyeyuka, pembeni pameanza kuwa peusi.

Baba mkwe aliangalia boksi, akamwangalia yule mtoto mgongoni. Aliwaambia watu wachukue ndoo zao.

Niliogopa sana. Ila ningerudia.

Ijumaa, 18 Julai
Kazi imeisha. Laini ya umeme inayoingia inaubeba mzigo wa mota hiyo kubwa, nilihakikisha hilo kwanza. Waya mnene kufuatana na mota. Swichi inayoimudu. Fyuzi inayovumilia mota inapoanza kuvuta umeme kwa pupa, lakini isiyozidi uwezo wa waya wala swichi.

Imewaka mara moja. Baada ya saa nzima ya kusaga nimeweka mkono kwenye boksi. Vuguvugu tu.

Baba mkwe aliwatangazia wote kwenye foleni: "Huyu ni mkwe wangu. Ndiye fundi wangu." Niliinamia mfuko wa zana wasinione ninavyocheka. Najivunia. Naandika hivyo hivyo: najivunia.

Jumapili, 20 Julai
Baada ya kanisa baba mkwe amekuja hapa Nakwa na unga wa dona. Amekunywa chai. Ameongelea maharage, mvua, mguu wa mama mkwe. Hakuomba radhi, nami sikutegemea.

Alipokuwa anavaa kofia, aliniuliza taratibu kama nina nafasi wiki hii. Anataka nikakague umeme wa kule anakolala yeye na mama.

Nimesema nitakwenda kesho.