Mkanda wa Zebe Usio na Zebe

Joubert Park, Johannesburg

Mama yangu,

Shikamoo. Najua unaitikia ukiwa umekaa kwenye ule mkeka wa sebuleni, maana dada Adela ameniambia hujarudi kulala kitandani tangu habari za mdogo wangu Zebe zilipofika. Magoti yanaendeleaje na ile sakafu? Dawa ya presha unameza, au unaificha chini ya mto kama ulivyomfanyia yule nesi? Mimi ni mzima wa mwili. Nafanya kazi, nakula nikikumbuka, usingizi wa shida.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu hatufiki mbali. Nikitaja jina la Zebe unakata, nikipiga tena anapokea Adela na kusema umetoka nje. Barua haina pa kukatia. Anakuletea Mzee Filbert wa kanisani kwetu, anayekuja Kigoma kumuuguza dada yake, na amebeba pia flashi ndogo nyeusi. Hiyo flashi msiichomeke kwanza. Soma hadi mwisho.

Adela amenieleza yote. Kwamba umekataa kuanua matanga, baba mdogo amekuja kukusihi ukamfukuza, na majirani sasa wanapita njia ya nyuma kwa sababu hawajui tena kama ni pole au ni salamu. Umewaambia, "Gervas ameniletea picha ya sanduku. Mimi sikuzaa sanduku." Na kwamba kuna mama mmoja wa maombi, wa Gungu, anayekuambia anamwona Zebe yu hai, amefungwa minyororo mahali pa giza, na kila akija anaondoka na kuku. Mama, huyo anakula kuku wako bure.

Najua jambo hili lilianzia wapi. Lilianzia kwenye ile video niliyowatumia. Kazi yangu unaijua: harusi na misiba ya watu wa Kongo, Burundi na kwetu, wale ambao hawawezi kusafirisha maiti mpaka nyumbani. Papa Willy, Mkongo aliyenifundisha kazi na ambaye tunapanga naye chumba, ana sheria moja tu: "Sura kwanza, mudogo. Bantu ba kule nyumbani banataka sura. Maua banayo." Kwa hiyo tunasogea mpaka kwenye jeneza na kuushikilia uso mpaka mkono unakufa ganzi, ili mama aliye mbali alie, anyamaze, aamini. Nimepiga nyuso za watoto wa watu wengi sana.

Uso wa Zebe haukuwepo wa kupiga. Mhudumu wa mochari alinishika bega akasema, "Eish, bhuti, kaka yangu, mkumbuke alivyokuwa," na jeneza likafungwa hukohuko. Walimtambua kwa mate yangu, waliyoyachukua kwa pamba wakapima wakasema huyu na huyu wametoka tumbo moja. Kwa hiyo uso ambao hukuuona wewe, hata mimi sikuuona.

Nikafanya kile tunachowafanyia wateja ikiwa hivyo. Nilichukua picha yake ya pasipoti, nikaikata kichwa kwa kompyuta, nikakiweka juu ya suti yenye tai, nikamzungushia mawingu na njiwa, na kwaya ikaimba. Wateja huwa wanashukuru. Wewe ukatazama ile tai ukasema Zebe hajawahi kuvaa tai maishani mwake, basi huyo si Zebe. Ulikuwa sahihi kuhusu tai.

Sasa nikusimulie kitu cha ajabu kidogo. Kuna bibi mmoja wa Kijapani hapa, tunamwita Mama Hisako, mkazi wa siku nyingi. Jumamosi mchana huwa anaonyesha filamu za zamani huko Marshalltown, ghorofani, kwenye lililokuwa ghala la nguo. Mikono yake inatetemeka, kwa hiyo amenichukua nimwendeshee projekta. Ni filamu alizotengeneza yeye na wenzake wakiwa vijana Tokyo. Kumbi za sinema zilizikataa, wakawa wanazionyesha chini ya majengo na kwenye vyumba vya kunywea kahawa.

Usidhani ni zile za mapanga tulizokuwa tunatoroka shule kwenda kuzitazama Mwanga. Kuna moja mtu amejifunga magazeti kichwani, anatembea sokoni akigonga sufuria, basi, imekwisha. Nyingine ilianza kunyesha mistari myeupe kwenye pazia, nikaruka kuzima mashine nikijua nimeunguza mkanda wa watu. Ukumbi mzima ulinicheka. Mama Hisako akaniambia, "Kaa chini, Gervas. Tuliukwaruza sisi wenyewe kwa sindano, tena wiki nzima." Nilipomsimulia Papa Willy akatikisa kichwa: "Bale banashangilia makosa. Siye tukikosa kidogo tu, mama wa bibi-harusi anatutukana."

Halafu akaweka nyingine. Ikaanza na ngazi ya mbao. Ukaja mlango wa nyumba ya kuogea, daraja, uzio wa kiwanda, dirisha la treni, bakuli la supu likifuka moshi. Mtu hakuna. Nikasubiri mwenyewe atokee mpaka mkanda ukaisha, na mwenyewe hakutokea. Nilikasirika, Mama. Nilikuwa nimemzika mdogo wangu juzi tu na sikuwa na hamu ya kutazama ngazi.

Watu walipoondoka nikamuuliza, "Mwenye hii filamu yuko wapi?"

Mama Hisako akakaa. Akaniambia alikuwa rafiki yao, kibarua wa ujenzi, alianguka kutoka juu ya jengo na hawakuruhusiwa kumtazama. Mama yake akaja kwa treni kutoka kijijini, anataka kuuona uso wa mwanawe. "Hatukuwa na uso wa kumpa," akasema. "Tukaona tupite alimopita, tumwonyeshe alichokuwa anakitazama."

"Alikubali?"

"Alitazama mpaka mwisho. Kisha akaomba turudie pale kwenye supu."

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje na kulia. Mazishini sikuwa nimelia, nilikuwa nimeshika kamera.

Asubuhi iliyofuata nikaanza kupiga huo mkanda ulio kwenye flashi. Nilianza na jengo la Berea alilokuwa anakaa Zebe na wenzake. Wameziba mlango kwa mabati na mlinzi alinikatalia kuingia, kwa hiyo utaliona dirisha lake kwa nje, la kona, na weusi wa moshi ulivyopanda ukutani juu yake. Sikuupunguza. Umeme ulikuwa umekatwa, mshumaa wa mtu ukaangukia godoro, moto ukashika, na vyumba vyao viligawanywa kwa mbao nyembamba. Walipokimbilia ngazi za nyuma, mlango ulikuwa umefungwa kwa mnyororo kuzuia wezi. Huo utauona pia, wameutupa hapo nje. Mama, minyororo anayoiota yule mama wa Gungu, wa kweli ulikuwa huo mmoja tu.

Kutoka hapo nimeshuka njia yake ya kila siku kwa mwendo wake. Utaona spaza, kile kiduka alikokuwa ananunua mkate. Utaona taa za barabarani, huku wanaziita roboti, alizokuwa anazisubiri hata kama hakuna gari, na wenzake wanamtania kwamba huyo kaja jana. Utaona wazee wa bustanini wakicheza chesi kwa vinyago vinavyowafika kiunoni. Sijaweka kwaya. Kelele utakazosikia ndizo alizokuwa anazisikia. Mwisho kabisa ni kile kihema chake cha kunyolea karibu na stesheni, na hapo nitakueleza nikimaliza salamu.

Mpe baba mdogo shikamoo yangu, umwambie asichoke na wewe. Nisalimie shangazi Velonika aliyekusaidia kutulea baba alipofariki, na padri aliyembatiza Zebe. Adela, dada yangu, wewe ndiye utakayeshika kompyuta: usimsemeshe Mama wakati anatazama, na usiruhusu mtu mwingine aingie. Nisalimie pia majirani, njia yoyote wanayopitia.

Sasa kihema. Anakitumia Bosko, kijana wa Burundi waliyekuwa wananyoa pamoja. Kiti ni kilekile, mashine ni zilezile, na kioo kimening'inizwa kwenye uzio kwa waya. Nilisimama nyuma ya kiti, pale alipokuwa anasimama Zebe tangu asubuhi mpaka jioni, nikaweka kamera usawa wa macho yake. Bosko akasema, "Kioo sijakigusa, kaka. Wateja walikuwa wanamuuliza, huyu mama ni nani? Anawajibu, ni bosi, kaa vizuri."

Kwenye kona ya kioo amebandika picha yako. Ni ile niliyokupiga siku ya kipaimara cha Adela, umevaa kitenge cha kijani, umenuna kwa sababu hupendi kupigwa picha, na umeinua mkono kunizuia. Imepauka kwa jua, ila umenuna vilevile.

Mama, Zebe amekufa. Nimemzika mimi, na udongo wa kwanza niliutupa mimi kwa niaba yako. Uliniomba uso. Kwenye mkanda huu wote uso upo mmoja, nao ni wako, kwa sababu ndio aliokuwa anautazama. Ukifika hapo mwambie Adela arudie mara nyingi unavyotaka. Kisha nakuomba uukunje mkeka, ulale kitandani.

Mwanao aliyebaki,
Gervas