Nilikwenda Kumhubiria Mama Hamisi

Jumamosi, Mkiwa. Upepo umeanza tangu alfajiri na hadi sasa haujachoka. Nina vumbi masikioni, nina aibu, na nusu ya kijiji inaamini nimesilimu.

Sijasilimu.

Ilianza Jumapili iliyopita. Mchungaji alituambia sisi wa kamati ya uinjilisti kwamba kila mmoja apeleke Injili kwa jirani mmoja, kisha Jumapili inayofuata atoe ushuhuda mbele ya kanisa. Mimi nikamchagua Mama Hamisi, anayekamua mafuta ya alizeti nyumba ya pili. Nakiri, nilimchagua kwa sababu ni karibu. Lakini pia dhamiri ilinisuta. Ni mtu mzima, umri wa mama yangu. Ndiye aliyenishika mkono nilipokuwa najifungua Eliya, kila Idi nakula pilau yake, na sijawahi hata siku moja kumwambia habari za Yesu.

Leo asubuhi nilimkuta uani anapeta alizeti. Nikamwamkia, nikageuza ndoo nikaikalia, nikaanza. Aliendelea kupeta, na makapi yakaniingia mdomoni katikati ya neno "wokovu". Lakini alisikiliza. Yote. Nilipofika kwa Zakayo aliyepanda mti ili amwone Yesu, akaweka ungo chini.

"Sasa alishukaje, na umesema alikuwa mfupi?"

Nimefundisha shule ya Jumapili miaka sita. Nikamshusha Zakayo haraka haraka, nikaendelea.

Nilipomaliza akanawa mikono, akatandika mkeka. "Umesema vizuri, mwanangu. Sasa njoo huku, nisikilize na mimi."

Nikasema nimeacha maharage jikoni.

Hakukuwa na maharage. Dakika tano baada ya kuhubiri juu ya kweli, nilimdanganya mama mtu mzima kwa sababu sikutaka kusikia habari za dini yake. Naye akajibu tu, "Maharage hayaivi haraka hivyo. Kaa."

Nikakaa. Akaniambia anavyomwamini Mungu mmoja, asiyezaa wala kuzaliwa, na jinsi swala ilivyomshikilia mwaka aliofiwa na mumewe. Kisha akanishika mkono.

"Nakuombea kila siku uongoke, Mama Eliya. Naumia nikifikiri huko mbele tutatenganishwa."

Nilikasirika. Mimi niombewe niongoke? Nina kosa gani?

Ndipo nikakumbuka kwamba maneno hayo hayo nilikuwa nimemwambia yeye muda si mrefu, na nilitegemea anishukuru.

Hapo hapo upepo ukapiga, ukaninyang'anya kitambaa cha kichwa, ukakitupa juu ya ua wa minyaa. Vumbi likatufunika. Mama Hamisi akachomoa ushungi kwenye kamba ya nguo, akanifunga kichwa chote na kunibana pini chini ya kidevu kama anaandaa mtoto wa madrasa. Wakati huo huo katibu wa kamati yetu akapita na bodaboda. Akaniona nimekaa mkekani, nimevaa ushungi, viganja vyote viwili usoni najifuta mchanga.

Alifungua mdomo kunisalimia, kisha akaongeza mwendo.

Kufikia saa tisa mume wangu alikuwa ameshapewa pole mara tatu njiani. Alisimama mlangoni akauliza kama bado anaruhusiwa kuingia. Kiongozi wa kwaya alituma mtu kuchukua joho langu. Kisha akaja mke wa mwenye duka la barabarani na kifuko cha tende. "Hongera, dada! Umechagua jina gani?" Nilimweleza kwamba ni makosa huku nikitafuna tende yake ya tatu, kwa hiyo sidhani alinielewa.

Watu wakajaa mbele ya nyumba. Wa kwetu wamekunja uso, wa kwao wanatabasamu, na sauti zikaanza kupanda. Mmoja wa kwetu akasema Mama Hamisi amenirubuni. Hapo niliogopa. Hatujawahi kusemeana hivyo hapa.

Mama Hamisi akatoka kwake, akasimama katikati yao.

"Hakuna aliyesilimu hapa. Mimi nilimwita kwenye dini yangu, akakataa. Yeye aliniita kwenye yake, nikakataa. Ushungi ni wa vumbi. Nyie mmekuja kufanya nini?"

Wakaondoka mmoja mmoja, wengine wakakumbuka kumwamkia kwanza.

Tangu hapo nawaza. Bado natamani aokoke. Nikisema sitamani nitakuwa naongopa. Naye bado ataniombea nibadilike. Je, huko ni kumdharau mtu? Sidhani. Nadhani kosa langu lilikuwa kutaka masikio yake wakati yangu nimeyaziba.

Kesho nitasimama kanisani niseme: nimehubiri, nimehubiriwa, hakuna aliyehama. Mchungaji ataamua kama huo nao ni ushuhuda.

Jioni hii, nikianua nguo, ameniita kutoka uani kwake. "Mama Eliya! Jumamosi uje tena. Ila safari hii naanza mimi."

Nimesikia mdomo wangu ukijibu, "Nitakuja, mama," kabla kamati haijaulizwa.