Mikono ya Mama Imerudi

Kaka Tšeliso,

Salamu kutoka Maseru. Baridi imeingia na pichi zimekwisha mitini.

Hapa shuleni kwa viziwi, programu ya kuhifadhi nakala rudufu za video za masomo ilikuwa ikikwama kila mara. Kumbe diski imejaa. Nilipoweka mpya ikakubali. Palesa, fundi wetu, akasema, "Usishangilie, dada. Rudisha video kwenye kompyuta tupu, tuone kama zinafunguka."

Zikafunguka. Mama akatokea akifundisha ishara, angali kijana, mikono yote miwili ikicheza. Mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu. Hatukukuambia: kiharusi kimeuchukua mkono wake wa kulia. Alijitazama bila kupepesa macho. Kisha akaongea kwa mkono wa kushoto, polepole: "Hapo kwenye ishara ya theluji nilikosea. Washeni kamera, niirudie."

Njoo umwone.

Dada yako,
Lineo